Falone Na-Kama na Njia ya Mwongo

"Falone, weye unasemaka kazi yako ni kulinda milango. Sasa, milango yenyewe iko wapi?"

Swali hilo Mama Kanyere alimuuliza Falone siku moja ya jua kali, katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, akiwa amesimama uani na sinia ya makemba, zile ndizi za kupika, kiunoni. Alimkuta jirani yake ameketi barazani, kompyuta juu ya magoti, waya umepanda mpaka kwenye sola juu ya bati. Kwenye kioo hapakuwa na picha. Palikuwa na mistari tu, mistari mifupi mifupi, na mingine ilianza na herufi zilizopinduliwa kichwa chini.

"Milango haionekanake, Mama Kanyere."

"Ah! Haionekanake. Na mushahara?"

"Ile inaonekana kidogo."

Mama Kanyere akacheka mpaka kemba moja likaanguka. Akaliokota, akalipangusa kwa kitenge, akaenda zake akisema, "Miye nitaomba Mungu akupatie kazi yenye kuwa na mulango."

Hakusema kwa ubaya. Mama Kanyere ni mjane, na hakuna mtoto wa avenyu ile ambaye jina lake halijatajwa katika maombi yake ya alfajiri. Alitaka tu kuelewa. Na kusema kweli, hata wale waliosoma hawakuielewa upesi kazi ya Falone.

Falone alizaliwa papo hapo Bunia, binti, mtoto wa tatu wa mzee Gaspard, aliyekuwa sentinele, yaani mlinzi, kwenye depo ya chumvi na sabuni karibu na soko. Kila jioni, Gaspard alipokuwa akifunga viatu vyake vya kazi, aliwaita watoto na kuwauliza: "Kama mungekuwa mwizi leo, mungepita wapi?" Ulikuwa mchezo wao. Mkubwa alisema dirishani. Wa pili alisema juu ya bati, pale penye msumari uliolegea. Falone, ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajarudi, akasema: "Miye singevunja kitu. Ningefika muchana, niseme patron amenituma kuchukua magunia kumi."

Gaspard aliacha kamba za viatu mikononi. "Na miye ningejua namna gani kama hakukutuma?"

"Haungejua, papa."

Kesho yake Gaspard alikwenda kwa patron wake, kofia mkononi, akaomba kila anayetumwa kwenye depo apewe alama, na alama ibadilike kila wiki. Patron alicheka sana, lakini alikubali. Tangu hapo nyumbani na mtaani walimwita Falone "Na-Kama", kwa sababu kila jambo alilianza hivyo. Na kama mvua haikome? Na kama mwalimu mwenyewe amekosea? Mama yake akichoka alimwambia, "Na-Kama, kuja kula. Na kama haukuye, nitakula ya kwako."

Shuleni alipenda hesabu, lakini si ile ya kujumlisha. Alipenda ile ya "ikiwa hivi, basi vile". Alipofika chuo kikuu kule Kisangani akakutana na elimu ya mantiki, yaani elimu ya kuangalia kama neno moja linatoka kweli ndani ya neno lingine au limejipenyeza tu kwa ujanja. Akajisikia kama mtu aliyefika kwao. Aliisomea miaka mingi, kisha akarudi Bunia kufundisha. Saa zilizobaki alifanya kazi nyingine, ambayo watu wa mbali walimtumia kwa kompyuta: kuthibitisha kwamba mashine mbili zinapozungumza, hakuna anayeweza kuingia katikati na kuzidanganya.

Kazi yenyewe ni hivi. Simu inapoongea na benki haiongei ovyo. Kuna mpangilio. Wa kwanza anasema hiki, wa pili anajibu kile, wa kwanza anaonyesha alama, ndipo mlango unafunguka. Na maneno yenyewe yanafungwa kwa siri, hata anayeyakamata njiani anaona takataka tu. Watu wengi wakishaona siri imefungwa vizuri, moyo unatulia. Wa Falone hautulii. Yeye huandika kila hatua kwa alama za mantiki: nani anajua nini, nani anaweza kusema nini, na baada ya nini. Halafu anamweka mtu mmoja katikati, naye anamwita Mwongo. Mwongo anasikia yote, anatunza yote, anaweza kumwandikia yeyote na kujifanya yeyote. Kitu kimoja tu kinamshinda: kufungua siri bila ufunguo wake. Kisha Falone anaiuliza mashine: je, iko njia, hata moja, ambayo Mwongo anaweza kupita? Mashine inazifuata njia zote mpaka mwisho. Ikisema "iko", inaionyesha hatua kwa hatua. Ikisema "hakuna", si kwamba imechoka kutafuta. Ni kwamba njia hiyo haiwezi kuwepo.

Sasa, huko huko Lumumba kuna nyumba ya watoto. Ni nyumba ya kanisa, ya matofali mekundu, na wanaokaa humo ni watoto waliopotezana na wazazi wao siku za kukimbia vita upande wa Djugu. Msimamizi wake ni Papa Donatien, shemasi, mwanaume mwenye sauti nzito na moyo laini, ambaye hajui kumkaripia hata mbuzi. Yeye ndiye aliyetunga njia ya kuwarudisha watoto kwao, na aliitunga kwa sala na kufunga.

Njia yake ilikuwa nzuri kuisikia. Kila mtoto aliulizwa taratibu mambo matatu ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Jina la mtoto likatangazwa kwenye redio. Mzazi akilisikia, anaiandikia nyumba kwa simu, na nyumba inamuuliza yale matatu. Akijibu yote sawasawa, anapewa neno la kupitia na siku ya kuja. Asipoweza kuja mwenyewe, anamtuma ndugu na lile neno, maana barabara zetu zinajulikana, na kwetu mama mdogo ni mama. Ujumbe wote ulifungwa kwa siri, kwa programu iliyotengenezwa na Gauthier, fundi wa simu wa karibu na soko.

Papa Donatien alimpa Falone karatasi ya njia hiyo kabla ya kuipeleka kwa nyumba nyingine mbili, ya Gety na ya Boga. "Uangalie tu, leki yangu, mudogo yangu, kama nilikosa mahali." Falone akaiweka mfukoni. Ilikuwa wakati wa mitihani. Siku ikawa wiki, na wiki zikawa mbili.

Hatimaye, Jumatano moja, mercredi kama wasemavyo Bunia, saa nane za mchana, jua limejaa kwenye sola, akaitoa. Akaiandika yote kwa alama zake, hatua kwa hatua, akamweka Mwongo mahali pake, akaiambia mashine itafute. Akainuka kuteleka maji ya chai. Kwa kawaida mashine ilichukua muda.

Maji hayajaanza hata kulia, jibu limefika. *Iko.* Hatua saba tu.

Falone alizisoma akiwa amesimama. Akazisoma tena akiwa ameketi. Kisha akazima jiko, akatoka bila kunywa chai, kompyuta kwapani, akasimamisha moto, pikipiki ya kubeba abiria.

Papa Donatien alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Na-Kama! Mungu amekuleta siku ya furaha. Njia yetu imetembea! Vendredi, kesho kutwa, mutoto wa kwanza anaenda kwao!"

Falone akauliza, "Mutoto gani?"

"Faida. Ule kadogo ka pale." Alionyesha uani. Msichana wa miaka mitano hivi alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi, akichezea sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili, bila kujua kwamba anachezea. "Mama yake anaitwa Bijou, iko Boga. Walipotezana ni mwaka sasa na zaidi. Jana mama aliandika. Nikamuuliza: nini ilimuunguza mutoto mukono? Akajibu: uji ya mutama. Kuku yenu ya rangi nyekundu ilikuwa na jina gani? Akajibu: Madamu." Papa Donatien akacheka, macho yamelowa. "Nikamuuliza: Faida analalaka akishika nini? Akasema: sikio yangu. Sikio, Falone! Nani mwingine anaweza kujua ile?"

"Na atakuja mwenyewe?"

"Apana, ni mugonjwa. Anatuma mudogo yake. Nilishamupa neno."

"Papa Donatien. Nani amemuona huyu mama?"

"Amejibu."

"Amejibu, ndiyo. Nani amemuona?"

Sauti ya Papa Donatien ikashuka. "Unataka niambie mama mwenye analilia mutoto, leta karte ya kujitambulisha? Ndani ya nyumba ya Mungu? Na ujumbe zote Gauthier alizifunga. Hakuna mutu ku njia anaweza kuzisoma."

"Hakuna mwenye alizisoma ku njia, papa. Hakukuwa na lazima."

Alimwona ameumia, naye hakutaka kumuumiza. Akatazama huku na huku. Jikoni, nyuma ya nyumba, Mama Kanyere alikuwa akisonga bugali; kila mercredi hupikia wale watoto bila malipo. Falone akasema polepole, "Papa, uingie mu bureau. Ufikiri swali moja yenye Mama Kanyere peke yake anaweza kujibu. Usinielezee. Mutu atakuandikia, na weye utaona kama ni Kanyere ao si Kanyere."

Donatien akaingia ofisini. Falone akabaki chini ya bati na simu mbili, yake na ile aliyoiazima kwa mlinzi wa geti, ambayo namba yake Donatien alikuwa hajaihifadhi bado. Kwa simu ya mlinzi akaandika: "Papa, ni miye Kanyere. Nilibadilisha namba." Hilo halikumshangaza mtu. Bunia namba za watu hubadilika, simu hupotea, na waliokimbia huazimana.

Donatien akajibu: "Kama ni weye kweli, mutoto wako wa kwanza alizaliwa wapi?"

Falone hakujua. Akachukua simu ya pili, yake mwenyewe, yenye namba mpya ambayo Mama Kanyere hakuijua, akaandika: "Hapa ni bureau ya Papa Donatien. Tunajaza fishi, karatasi ya habari za wapishi. Mutoto wako wa kwanza alizaliwa wapi?"

Kule jikoni Mama Kanyere akajifuta mikono, akashika simu mbali na macho, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, midomo ikitembea. Ilichukua muda. Jibu likafika: "Bwana asifiwe papa. Alizaliwa ndani ya camion ya viazi, barabara ya Komanda, mvua inanyesha. Leo niweke chumvi kiasi gani."

Falone akakata habari ya chumvi, akatuma iliyobaki kwa Donatien.

Kutoka ofisini kikasikika kicheko kikubwa. "Ni yeye! Ni Kanyere kabisa! Camion ya viazi!" Papa Donatien akatoka nje akiwa bado anacheka, na papo hapo akamwona Falone amesimama na simu mbili mikononi. Nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, Mama Kanyere alikuwa ameinua mwiko.

"Papa, haujanijibu juu ya chumvi!"

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaketi kwenye ngazi, karibu na yule mtoto.

"Munanichezea?" Mama Kanyere akauliza, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Falone akamweleza. Akaeleza tena. Mama Kanyere akashusha mwiko.

"Kumbe ile mulango yako yenye haionekanake... ni miye?"

"Ni weye na Papa. Weye ulijua unaongea na nyumba. Papa alijua anaongea na weye. Na wote wawili mulisema kweli tupu. Katikati yenu nilikuwa miye, na sikuvunja kitu."

"Yesu wangu," Mama Kanyere akasema. "Na nilikuitikia na Bwana asifiwe."

Redio ilikuwa imetangaza majina ya watoto. Redio hiyohiyo ilikuwa imetangaza wazazi wanaotafuta, na namba zao za simu. Mtu mwenye masikio na simu mbili alitosha. Na wapo watu wanaotafuta mikono midogo ya kuchota maji na kuosha udongo kule kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuna aliyelitamka neno hilo mbele ya Faida. Kila mmoja alilifikiri.

"Karatasi yako ilikaa mu mufuko yangu wiki mbili," Falone akasema. "Wiki mbili, papa."

Donatien akainuka kwenye ngazi. "Leo ni mercredi, leki," akasema. "Vendredi haijafika."

Wakaingia ofisini, wakafuta meza. Mama Kanyere akawaletea bugali na mboga ya lenga-lenga, akakaa nao, kwa kuwa alisema sasa jambo hili ni lake pia. Papa Donatien alikuwa wa kwanza kutoa dawa. "Na mama naye aulize! Nyumba imuulize mama, na mama aulize nyumba. Kila mutu ajitambulishe." Falone akakubali kwamba ni wazo zuri. Akaliandika, akaiambia mashine itafute.

*Iko.*

"Namna gani tena?"

"Muongo anabeba maswali zote mbili, papa. Anapeleka ya mama kwako, analeta ya kwako kwa mama. Sawa motard mwenye kubeba watu ku moto. Kwake ni safari mbili tu."

Mama Kanyere akapiga makofi mara moja. "Huyu muongo ana akili. Angeokoka angekuwa mutumishi mukubwa."

Walijaribu neno jipya la kila siku, Mwongo akalibeba. Walijaribu kuongeza maswali kuwa kumi. Mwongo akayabeba yote kumi, hakuchoka. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi Falone alipoweka kalamu chini.

"Tunakosa mutu mumoja," akasema. "Mutu mwenye amemuona mama na macho, na mwenye weye Papa unamujua na macho. Maneno ya simu peke yake itazunguka tu."

"Boga iko Mutumishi Fiacre," Donatien akasema. "Tulibatizwa siku moja, mu maji moja."

Basi wakaiandika upya. Mzazi anakwenda kwa mtumishi wa mahali pake anayemjua kwa uso. Anajibu maswali mdomo kwa mdomo, anataja ni mtoto gani na ni nani atakayekuja kumchukua, na anachagua neno lake mwenyewe. Mtumishi anayapeleka hayo yote kwa nyumba yakiwa yamefungwa pamoja, hakuna linaloweza kutolewa peke yake, kwa ufunguo ambao Donatien na Fiacre walishapeana mkono kwa mkono kwenye mkutano wa kanisa. Nyumba nayo inachagua neno lake, la mtoto huyo tu, la mara hiyo tu, inamrudishia mtumishi ampe mzazi. Na siku ya kuja, pale getini, macho kwa macho, nyumba inasema kwanza neno la mama, kisha mama anasema neno la nyumba.

Mashine ikafanya kazi. Safari hii ilichukua muda. Mama Kanyere alifumba macho.

*Hakuna.*

Falone akaiambia itafute tena. Hakuna. Ndipo akapumua, akageuza karatasi, akawaonyesha mistari miwili aliyoiandika juu kabisa, peke yake. "Lakini muone hapa. 'Fiacre anamujua Bijou kwa uso. Fiacre si muongo.' Hii mashine haikuithibitisha, miye niliiambia iamini. Hii iko juu yenu."

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, Papa Donatien akapiga simu Boga, Falone akiwa pembeni. Sauti ya Fiacre ilijaa ofisi.

"Bijou? Namujua vizuri. Lakini alishatoa ushuhuda jana mu maombi! Kanisa muzima ilisimama. Nyumba yenu ilimuandikia, akajibu maswali tatu, mukamuambia angoje, mutamuletea mutoto."

"Siye hatukumuandikia, Fiacre."

"Mungu wangu," Fiacre akasema.

"Na ni kweli, yeye ni mugonjwa?" Donatien akauliza.

"Mugonjwa wa nini? Leo asubui alikuwa mu shamba."

"Na mudogo yake?"

"Donatien, Bijou hana mudogo. Wengine wote waliisha. Alibaki yeye."

Papa Donatien aliweka simu mezani, akafunika uso kwa viganja. Falone akamshika bega. Mama huyo wa watu alikuwa amejibu kila kitu kwa furaha. Nani angemuuliza mtumishi wa kanisa anayemletea habari za mtoto wake, weye ni nani? Ingekuwa kukosa heshima. Siku hiyohiyo Fiacre akamwita Bijou kwake, wakaifuata njia mpya hatua kwa hatua, na nyumba na mama wakapeana maneno yao.

Vendredi, yaani Ijumaa, saa tatu za asubuhi, akafika mwanamke wa kitenge kipya, mnyenyekevu, na mandazi yamefungwa kwenye karatasi kwa ajili ya mtoto. Alitaja neno la kupitia bila kukosea. Papa Donatien, asiyeweza kumkaripia mbuzi, alimkaribisha kwenye benchi.

"Neno ni sawa, mama. Iko lingine, lenye Mutumishi Fiacre alimupa Bijou."

"Lingine? Waliniambia moja."

"Basi tumupigie Fiacre. Anangojea."

Mwanamke akasema kwanza anunue mayunite ya simu barabarani. Akatoka. Wakasikia pikipiki ikiwashwa, na sauti yake ikapotea upande wa soko. Mlinzi alikimbia mpaka kona, akarudi mikono mitupu. Donatien alikwenda polisi kueleza sura yake. Ile namba iliyoandika "ni miye Bijou" haikupatikana tena. Mandazi yalibaki kwenye benchi, na Mama Kanyere, ambaye maisha yake yote hajatupa chakula, aliyachukua akayatupa jalalani, kisha akanawa mikono mara mbili.

Falone alikaa kwenye ngazi kando ya Faida. Alianza kuomba. Yakaja machozi, mepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

Bijou alifika wiki iliyofuata, Jumanne, katika gari la kanisa, Fiacre ameketi mbele. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya shamba. Papa Donatien alimfungulia geti mwenyewe, akanyoosha mikono.

"Karibu, mama! Ingia!"

Bijou hakuingia. Alisimama nje ya mstari wa geti, akasema, "Apana, papa. Weye kwanza. Neno yangu ni gani?"

Fiacre akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Katika maisha ya Papa Donatien hakuna mama aliyewahi kumuuliza shemasi hivyo. Akasimama wima kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi.

"Lenga-lenga," akasema.

"Ya kwenu ni mufuniko," Bijou akajibu, akavuka.

Faida alikuwa amejificha nyuma ya kitenge cha Mama Kanyere. Alimtazama mama yake kama mtu anayesoma neno refu, herufi kwa herufi. Bijou hakumvuta. Alipiga magoti tu pale kwenye vumbi na kungoja. Mtoto akatoka, hatua, hatua nyingine, akanyoosha vidole viwili, akashika sikio.

Mama Kanyere ndiye aliyeanza kuimba. Wengine walifuata walipoweza.

Jumapili kanisani walitoa shukrani. Nyumba za Gety na Boga zilikuwa zimeshaipokea njia mpya, na Papa Donatien alieleza mbele ya wote jinsi ile ya kwanza, aliyoitunga kwa kufunga, ilivyokuwa na tundu, na jinsi Mungu alivyotumia hesabu ya binti wa sentinele kuliona. Kisha akamwita Falone. Falone akajikunja kwenye benchi.

"Na-Kama, simama!" Mama Kanyere akamsukuma kwa kiwiko. "Mulango yako leo inaonekana!"

Akasimama. Donatien akamwambia kanisa limekubaliana kumpa zawadi, aombe anachotaka. Falone akatazama watu, akamwona Bijou kwenye safu ya pili, Faida amelala begani kwake, mkono sikioni. Akasema:

"Siombe kitu ya kununua. Naomba hii: mutu akiwaandikia juu ya mutoto wenu, hata akisema ni wa kanisa, hata akijua mambo yenu yote, musimujibu kabla ya kujua ni nani kati yenu amemuona na macho. Na kama ni miye naandika, muniulize na miye."